Mwamba Nao Huyeyuka



Vijana wetu wa kipaimara wameuliza: ikiwa mwamba huyeyuka, kwa nini twamwita Mungu Mwamba? Wazee wengine walikunja uso. Sisi twaona ni swali jema. Ganda la nchi kavu kwa kawaida lina unene wa kilometa 30 hadi 50 tu. Chini yake ni miamba yenye joto kali, hata kilometa 2,900, kisha kiini cha chuma. Ol Doinyo Lengai ulipolipuka mwaka 2007, ulimwaga majivu ya mwamba ulioyeyuka. Mawe ya chokaa nayo, yakibanwa na kuchomwa huko chini, hugeuka marumaru.

Zaburi ya 46 haikatai kwamba milima hutetemeka. Lakini Daudi, akimkimbia Sauli, alijificha pangoni Adulamu. Mwamba kwake ulikuwa maficho.