Chakula cha Mchana na Haki ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, akikosa shule mvua za kwanza zinapoanza, mara nyingi yuko shambani akipanda na wazazi, au nyumbani akilea wadogo zake ili mama apate kulima. Kwenye daftari la mahudhurio ataandikwa mtoro. Je, ni haki kumlaumu mtoto kwa jambo ambalo hakulichagua?

Uislamu na Ukristo vinajibu kwa sauti moja. Qurani, zaidi ya mara moja, inakataa nafsi kubebeshwa mzigo wa nyingine. Ezekieli, sura ya 18, anakataa mwana kuadhibiwa kwa uovu wa baba yake. Lakini kumwondolea mtoto lawama bado si kumsaidia. Mtu anaweza kukiri kwamba kosa si lake, kisha akaenda zake.

Suala hilo huonekana wazi saa ya chakula. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, ila chakula cha mchana katika shule nyingi kimebaki juu ya michango ya wazazi: mahindi, maharage, kuni, pesa kidogo ya mpishi. Kengele ikilia, ambaye kwao hawakuchanga hukaa kando huku wenzake wakipanga foleni na sahani kupokea kande. Waliochanga wana hoja: debe lao limetoka kwenye akiba ndogo vilevile, na wapo wasiochanga kwa uzembe tu. Ni kweli kwa baadhi ya wazazi. Kwa mtoto hoja hiyo haina uzito, maana uzembe wa baba si wake.

Kumlisha kwa huruma peke yake nako hakutoshi, kwani huruma hupoa. Qurani (51:19) inaiita sehemu ya mwombaji na ya aliyenyimwa kuwa ni haki iliyomo ndani ya mali ya wenye nacho, na sura ya pili inaonya kwamba masimango hubatilisha sadaka. Mathayo 6 inataka sadaka itolewe kwa siri. Kumsimamisha mtoto paredi akabidhiwe viatu na madaftari mbele ya shule nzima ni kumlipisha kwa aibu yake.

Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula: msaada kwake ni deni la kulipwa. Kwa elimu inayolipiwa na jasho la wakulima, hoja hiyo ina nguvu. Katika kambi za wakimbizi inakwama. Nyarugusu, wilayani Kasulu, inahifadhi Wakongo tangu 1996. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 kwa ajili ya Warundi. Watoto wa huko husoma kwa mitaala ya nchi zao, na huenda wasirudishe chochote Kigoma. Msaada ukiwa ni deni kwa taifa, wao hawana fungu. Ukiwa ni haki ya mtoto kwa utu wake, wanalo sawasawa na mtoto wa Muha wa kijiji cha jirani.