Lafudhi ya Mwingine: Utani au Dhihaka?

Je, mtu ana haki ya kuvaa lafudhi isiyo yake ili wengine wacheke? Swali hili lilinipata baada ya onyesho letu la mwisho wa muhula hapa Gitambi, wilayani Rusizi. Niliigiza mchuuzi wa vitenge kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto. Nilivuta maneno, nikachanganya Kiswahili na Kifaransa, nikadanganya bei mara tatu. Watu walicheka hadi machozi. Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake ni mtu wa Bukavu, hakucheka. Aliondoka kabla ya mwisho.

Katika kujitetea nilimtaja Mzee Ojwang. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyewachekesha Wakenya kwa miaka mingi katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Aliigiza mzee wa Kijaluo, kwa lafudhi ya Kijaluo, na Mary Khavere akawa Mama Kayai, mkewe mchezoni. Alipofariki Julai 2015, wengi walimjua kwa jina la Ojwang kuliko la Wanjau. Nikasema: ikiwa yeye hakukosea, mimi nimekosa nini?

Hoja hiyo ilinitosha kwa siku mbili tu.

Ni kweli kwamba kuigiza si kusema uongo. Mwongo hataki ujue. Mwigizaji na mtazamaji wamepatana. Tukikataza kuvaa sura ya mwingine, kila mtu atabaki kujiigiza mwenyewe. Nami ni mtoto wa Rwanda, nchi ambayo mwaka 1994 neno moja kwenye kitambulisho lilitosha kumuua mtu. Siwezi kukubali kwamba binadamu hawezi kuingia katika maisha ya asiye wa kwao. Mchezo wa redio Musekeweya, ulioanza 2004, unasimulia uhasama wa vijiji viwili vya kubuni, na unatutaka tufanye hivyo hasa: tujitie mahali pa jirani.

Basi kosa langu liko wapi? Naliona katika tofauti ya utani na dhihaka. Katika utani, anayetaniwa ana zamu ya kujibu. Ojwang alikuwa mume, mzee wa watu, mwerevu leo na mjinga kesho, na Mama Kayai hakumwachia neno la mwisho. Lafudhi ilikuwa sauti ya mtu kamili. Mchuuzi wangu hakuwa na nyumba, mtoto wala neno lolote ila bei ya uongo. Nilichukua lafudhi, nikamwacha mtu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mtu atapinga: huenda Mjaluo fulani naye aliumizwa na Ojwang. Sikatai; kupendwa na wengi si ruhusa kutoka kwa kila mmoja. Tena Kenya ilipovurugika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, miaka yote ya kucheka pamoja haikuzuia damu. Kwa hiyo sipimi tena kwa wingi wa vicheko. Napima hivi: yule ninayemwigiza angekuwa ukumbini, je, angepata la kujibu?

Nimeiandika upya sehemu ya mchuuzi, nikampa mwenzangu aisome kwanza. Bado hajanirudishia.