Khutba ya Ijumaa: Ndoo ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baad, ndugu Waislamu, nawausia pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Sura ya Al-Maun ni fupi, na wengi wetu tunaisoma katika swala. Inawatolea ole watu wanaoswali huku wakijionyesha na kuzuia msaada mdogo. Sahaba Abdullah bin Masud alieleza kuwa zama za Mtume (s.a.w.) msaada huo ulihesabiwa kuwa kuazimana ndoo na chungu. Basi mapenzi kwa waja wa Mwenyezi Mungu hupimwa hapo, mlangoni pa jirani aliyekuja kuazima, kabla ya kupimwa kwenye michango mikubwa inayotangazwa.

Sisi wa Bura tunaijua thamani ya ndoo. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikatika msimu baada ya msimu, na Taita Taveta ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Atasema mtu: maji nimeyanunua, na wanangu nao wana kiu. Ni kweli, haki ya watu wa nyumbani kwako inatangulia. Lakini Mtume alipomuusia Abu Dharr kuhusu majirani, alimwambia azidishe maji katika mchuzi. Hakumtaka achinje mbuzi wa pili. Mwingine atasema jirani yake si Mwislamu. Katika mji huu wenye misheni kongwe, ambako ukoo mmoja huwa na Waislamu na Wakristo, neno hilo linaumiza. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, akataja jinsi Jibrili alivyomuusia Mtume juu ya jirani.

Wapo pia waazimao wasirudishe, na lalamiko hilo ni la haki. Sufuria ya watu ni amana. Aliye nayo airudishe leo, tena ikiwa safi. Naye mwenye kutoa asimsimange aliyempa, maana Al-Baqara aya ya 264 yaonya kuwa masimango huibatilisha sadaka. Tukitoka hapa, kila mmoja amjue mzee anayeishi peke yake karibu naye, aulize nani anamtekea maji, na kama hakuna, amtekee. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi.