Jina la mwenzako ni mali yake

Amri ya saba ya Mungu mmekwisha kujifunza: inakataza kuiba. Amri ya nane inaifuata nyuma, nayo inakataza kumshuhudia mwenzako uongo. Wengi hudhani kwamba amri hizi mbili zinakaa mbalimbali. Katika biashara ya watu wawili zinakaa nyumba moja.

Tazameni watu wawili wa kando ya ziwa Tanganyika walioshirikiana kuuza ndagala. Mmoja alitoa mtumbwi na nyavu. Wa pili alitoa fedha, tena ndiye aliyepeleka mifuko sokoni. Mwezi wa kwanza waligawana faida kwa amani. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha, ndagala wakaoza juu ya mchanga kabla ya kukauka, na fedha iliyorudi ikawa chache. Daftari hawakuandika. Kila mmoja alihesabu kichwani mwake, na kichwa cha mtu hakikosi kumpendelea mwenyewe. Basi mwenye mtumbwi akasimama sokoni, akapaza sauti mbele ya wauzaji wote: «Yule ni mwizi, amekula fedha yangu!» Jioni, penye pombe, akaongeza kwamba mwenzake anatajirika kwa dawa za usiku.

Tangu siku ile hakuna aliyemkopesha yule mtu hata mfuko mmoja. Mke wake alichekwa kisimani. Na kwa neno lile la dawa, nani asiyejua jinsi vijana wenye hasira wanavyoweza kuokota mawe? Hasara ya mvua ingaliweza kurudi kwa msimu mmoja. Jina je?

Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme imeandikwa habari ya Naboti. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, Naboti akakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli hakuanza kwa kunyang'anya shamba. Alianza kwa kuliharibu jina. Watu wawili walisimama wakashuhudia kwamba Naboti amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe, akafa, na Ahabu akashuka kulitwaa shamba.

Kanisa linafundisha kwamba kusema ubaya usiokuwako ni kusingizia. Kutangaza kosa la kweli kwa watu wasio na haja ya kulijua, hiyo pia ni dhambi. Hivyo neno «lakini ni kweli aliiba» halimtoshi anayepiga kelele sokoni. Wala asidhani mtu kwamba amekatazwa kudai haki yake. Bwana Yezu ameonyesha njia: mwendee ndugu yako peke yenu wawili, asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe, ndipo ulipeleke neno mbele zaidi. Kwa wazee na kwa waamuzi, hesabu husemwa wazi bila dhambi.

Sheria ya nchi nayo hailali. Sheria ya adhabu ya Kongo, ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 74, inamwadhibu yeye ambaye kwa nia mbaya na mbele ya watu anamtwika mwenzake tendo la kumvunjia heshima: kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1, na faini, au moja ya hizo. Kumshitaki mtu kwa waamuzi kwa uongo na nia mbaya kunaweza kufikisha miaka 5, kwa kifungu cha 76.

Sasa mkatekumeni mmoja atasema: «Nitabatizwa siku ya Pasaka, maji yatafuta yote.» Ni kweli, Ubatizo unaondoa dhambi zote na adhabu zake. Lakini haumrudishii jirani mbuzi aliyeibwa, wala jina lililoibwa. Zakayo alipompokea Yezu nyumbani mwake, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Basi mwenye mtumbwi arudi soko lilelile, siku ya watu wengi, aseme: «Nilimwita mwizi bila ushahidi, na neno la dawa nililibuni mimi.» Aliseme kwa sauti ileile. (Uongo hupigiwa kelele, kuukanusha hunong'onwa.) Kama mwenzake alipoteza faida kwa ajili ya maneno yake, amlipe kadiri awezavyo. Kisha wakae wote wawili mbele ya wazee, na daftari jipya, wahesabu ndagala. Akionekana bado anadai, alipwe.