Tuhuma ya Kulainika

Katika tuhuma zote ambazo wasikilizaji huwatupia wanamuziki waliowapenda, sidhani kama ipo inayotamkwa kwa uchungu mwingi na kutetewa kwa hoja chache kama tuhuma ya kulainika. Huku Chanika, pembezoni mwa Ilala kupita Pugu, ambako watu wengi waliokulia Temeke na Kinondoni wamekuja kununua viwanja kwa kuwa vya mjini havishikiki, tuhuma hiyo husikika katika saluni za vinyozi na vijiwe vya kahawa, vinywani mwa watu wa makamo ambao zamani walizihifadhi tungo za hip hop ngumu kama mtoto wa madrasa ahifadhivyo juzuu ya Amma: fulani, wasema, alikuwa mwamba, na sasa abana pua.

Walalamikaji hao hawakuzua jambo. Mwaka 2000 kundi la Hard Blasters lilitoa albamu ya Funga Kazi, na mwaka uliofuata Joseph Haule wa kundi hilo, yaani Professor Jay, alitoka peke yake na Machozi, Jasho na Damu, albamu ambayo jina lake tu ni wasifu wa tabaka zima la watu. Kisha mwaka 2003 AY, ambaye naye alianzia katika kundi la wachanaji la S.O.G., akatoa yake aliyoiita Raha Kamili. Sisemi kwamba hii ni duni kuliko ile. Nasema kwamba kati ya majina hayo mawili imo safari ya Bongo Flava yenyewe, ambayo katika mwongo ule ilielekea kidogo kidogo kwenye mapenzi, vibwagizo vya kuimbwa na midundo ya zouk, na waliobaki kituoni wakajiona wamesalitiwa.

Lakini hapawi msaliti pasipo agano. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, Uingereza, msikilizaji mmoja alimpigia mwimbaji wa Marekani Bob Dylan ukelele akimwita Yuda, na kosa la Dylan lilikuwa kinyume kabisa cha kosa linalozungumzwa Chanika, kwani yeye aliweka chini gitaa kavu akashika la umeme. Alikuwa mkali zaidi, si laini zaidi. Kisa hicho chatosha kuonyesha kwamba ukali na ulaini si kiini cha shauri. Kiini ni ahadi inayodaiwa kuvunjwa, na hapo sina budi kuuliza iliwekwa lini na mbele ya shahidi gani. Wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu hawahesabu mkataba pasipo ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali, na mtu aliyenunua kanda Kariakoo mwaka 2001 alitoa fedha akapewa kanda. Mkataba ulitimia palepale dukani, wala ndani yake hamkuwa na sharti kwamba mtunzi adumu na hasira umri wake wote.

Yupo aliyeonja lawama ya namna hii kwa jambo kubwa kuliko muziki. Mwaka 1095 Imamu Al-Ghazali, mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, mwenye wanafunzi mia tatu na ulimi wa jadali uliowanyamazisha wapinzani, aliacha kiti chake, akagawa mali yake, akaondoka kuelekea Shamu kuitafuta njia ya masufii. Na watu wa Iraki, kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh, walimlaumu na kumtafutia kila sababu isipokuwa ile ya kweli. Ndiye huyo huyo aliyeandika, ndani ya Ihya Ulum al-Din, kitabu kizima juu ya adabu za kusikiliza, na hoja inayosimama humo ni kwamba sauti nzuri haitii moyoni kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Kwa mizani hiyo, anayelia kwamba albamu mpya haimtikisi ni wajibu wake atazame kwanza kama kile kilichokuwa kikitikiswa kingali mahali pake.

Hoja hii ni tamu, na aghalabu wenye elimu huishia hapo, wakamwambia mlalamikaji kwamba anaulilia ujana wake. Huko naona ni kumdhulumu. Mtu wa Chanika anayeamka saa kumi alfajiri ili apate nafasi katika daladala, akashinde kwenye vibarua vya mjini na kurudi usiku, hakuupenda wimbo mgumu kwa ajili ya mdundo pekee. Aliupenda kwa kuwa ulikuwa ushahidi uliotolewa kwa niaba yake. Ndiyo Mzee ya Professor Jay ilimweka hadharani mgombea mwenye ahadi zisizo na mpaka, na ahadi za namna hiyo hazijakoma kutolewa. Qurani, katika sura ya Al-Baqara, imekataza kuficha ushahidi na kumhesabia dhambi mwenye kuuficha. Hapa ndipo lawama inapopata uti wa mgongo: shahidi amenyamaza, ilhali dhiki haijanyamaza.

Walakini shahidi hushuhudia alionalo. Metallica wa Marekani, walioanza mwaka 1981 kwa muziki wa kasi na ghadhabu, walipotoa albamu tulivu zaidi mwaka 1991, na tena Load mwaka 1996 wakiwa wamekwisha kukata nywele zao ndefu, wapenzi wao wa kale waliwalaani. Lakini watu waliokwisha kuwa matajiri walitakiwa wafanyeje, waigize hasira ya vijana wasio na kitu? Aliyeshiba akiendelea kulia njaa mbele ya kipaza sauti anatoa ushahidi wa uongo, ambao Mtume ameuhesabu miongoni mwa madhambi makubwa. Ni heri aimbe mapenzi kwa unyofu. Au ahamie baraza jingine, kama Professor Jay, aliyechaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015.

Ushahidi wa leo hutolewa na waliomo ndani ya jambo leo. Singeli, ngoma ya vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ni ngumu kuliko chochote kilichorekodiwa mwaka 2001, na wengi wa waitungao ni vijana wasio na kiwanja Chanika wala kwingineko. Na ni nani waiitao kelele? Ni walewale wa kwenye kijiwe cha kahawa. Masikio yao yamelainika, jambo ambalo si dhambi, ila linawaondolea haki ya kukaa kitini wahukumu ulaini wa wengine. Basi, ndugu yangu mwenye kanda za zamani, siku ya kigodoro, ngoma ya usiku, kwa jirani, kijana atakaposhika kipaza sauti, yasikilize maneno yake mpaka mwisho kabla hujakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshitaki.