Meza Iliyo Karibu na Shimo

Masomo: Mwanzo 37:23–28, 42:21, 43:26–34, 44:18–34



Fungua Mwanzo 37. Ndugu zake Yusufu wamemvua kanzu yake na kumtupa ndani ya shimo kavu. Halafu mstari wa 25 unasema jambo ambalo wengi wetu tunalipita mbio. Waliketi wakala. Kijana wa miaka 17 yuko shimoni, na wakubwa wake wanakula chakula.

Tena hawakula mbali. Tunajuaje? Nenda sura ya 42 mstari wa 21. Miaka mingi imepita, na wao wenyewe wanakumbushana kwamba waliona mateso ya mdogo wao alipokuwa akiwasihi, nao wakakataa kusikia. Kumbe kilio kilifika mezani! Walikisikia kati ya tonge na tonge, wakaendelea kula.

Leo nataka tuongee juu ya meza hiyo, kwa sababu iko katika nyumba zetu.

Familia zetu hukutana: Krismasi, mazishi, mahari, mtoto akienda sekondari. Chai ya maziwa inamiminwa, soda inafunguliwa, na kabla ya kikombe cha pili mtu ameshamtaja Ruto. Mwingine anajibu na Gachagua. Mmoja anasema "Tutam", mwingine anasema "Wantam", na mama aliyeamka saa kumi na moja kupika chapati anaanza kukusanya vyombo mapema ili watu waende nyumbani.

Kwa wengine si chai, ni chupa. Mithali 20:1 imeshatuonya juu ya hilo. Mimi nitaongeza tu kwamba pombe humpa mtu mdomo na kumnyang'anya masikio. Lakini ninyi watu wa chai msijidanganye. Undugu huvunjika hata juu ya chai ya maziwa na mandazi, watu wote mezani wakiwa wameokoka.

Na sisemi siasa ni dhambi. Ushuru ukipanda, mwenye kibanda pale stejini lazima aulize kwa nini. Watu walipouawa katika maandamano ya 25 Juni 2024, hiyo ilikuwa damu, na Mungu aliyemuuliza Kaini aliko ndugu yake bado anauliza. Mkristo ana haki ya kuwa na maoni, na ana kura yake. Ninachouliza ni hiki: mnapojadili mambo ya nchi mezani, nani yuko shimoni akilia, na nyinyi mnakula?

Swali la kitinda mimba

Sisi kwetu ni watoto wanne. Marehemu baba alikuwa Mkipsigis, mama ni Mkikuyu. Kaptembwo hilo si jambo geni. Mtaa wenyewe una jina la Kikalenjin, landilodi ni Mkikuyu, fundi wa viatu ni Mluo, jirani wa ploti ni Mluhya, na mama anayekuuzia mboga ametoka Kisii.

Krismasi ya 2025 tulikuwa kwa mama. Ndugu yangu mkubwa, ambaye ni mkulima upande wa Kericho, alianza kusifu mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500. Dada yetu, anayeuza mitumba mjini, akamuuliza kama mbolea hiyo inalipa bili ya hospitali. Wakaingia SHA, wakaingia Ushuru wa Nyumba, wakafika Bungeni 2024. Ndugu akasema serikali isingeweza kukaa tu watu wakivamia Bunge. Dada akasema waliopigwa risasi ni watoto wa watu. Halafu akasema, "Wewe unamtetea kwa sababu ni mtu wenu."

Wenu! Mtoto wa baba mmoja na mama mmoja anamwambia kaka yake "wenu". Chumba kilinyamaza. Mama akaanza kuchukua vikombe.

Ndipo kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka miwili tu wakati wa vita vya uchaguzi, akauliza, "Kwani nyinyi, 2008 tulilala wapi?"

Hakuna aliyewahi kumwambia. Na kusema kweli, hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Vijana mnaosoma hapa, sikieni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu iliwaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Nakuru ilishika moto mwishoni mwa Januari 2008, na Kaptembwo ilikuwa mojawapo ya mitaa iliyoumia sana. Watu walikimbilia uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha, wakalala kwenye hema.

Dada akasema yeye na mama na sisi wadogo tulilala uwanja wa maonyesho. Hilo nililijua, nilikuwepo. Nisilolijua ni kwamba walipokuwa wakiandikisha majina, yeye aliacha jina la baba. Aliogopa wale waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, waliofukuzwa na watu wa jina hilo. Alikuwa na miaka 17. Alisema kwa wiki tatu alijisikia kama amemkana baba yake mzazi.

Ndugu yangu akaweka kikombe chini. Yeye alikuwa na miaka 19, na jamaa wa baba walimpandisha lori usiku wakampeleka Kericho. Sisi wote tulidhani huko alikuwa salama, amefika kwao. Akatuambia kwamba vijana wa rika lake walikuwa wakimwita damu ya adui, kwa sababu ya mama. Alilala na viatu miguuni mpaka Machi, tayari kukimbia.

Mnaona? Kwa karibu miaka 18 kila mmoja alidhani mwenzake alikuwa salama na "watu wake". Kumbe kila mmoja alikuwa katika shimo lake. Kila walipobishana juu ya Ruto na Raila na Uhuru, chini ya maneno hayo kulikuwa na kijana wa miaka 19 mwenye viatu miguuni na msichana wa miaka 17 anayeficha jina. Wakala na kunywa pamoja Krismasi baada ya Krismasi, na hakuna aliyeinama kutazama shimoni.

1. Acha kuhesabu faida

Rudi Mwanzo 37:26. Wakiwa bado wanakula, wakaona msafara wa wafanyabiashara ukienda Misri. Yuda akafungua mdomo, na swali lake ni la biashara. Kumuua ndugu yetu kutatuletea faida gani? Wakamuuza kwa vipande 20 vya fedha.

Mimi nilisomea biashara chuoni, na napenda neno faida. Lakini tulifundishwa kwamba ukitaka kujua faida, uliza kwanza ni ya nani. Basi tufungue vitabu vya siasa zetu.

Mwaka 2007 Ruto alikuwa na Raila, na Uhuru alikuwa na Kibaki. Huku chini watu wakachomeana nyumba. Tarehe 2 Desemba 2012, Uhuru na Ruto wakatangaza muungano wao hapa hapa Nakuru, katika uwanja wa Afraha, pale pale waliokimbia makwao walipokuwa wamelala 2008. Machi 2018 Uhuru na Raila wakasalimiana. Mwaka 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila dhidi ya Ruto. Oktoba 2024 Gachagua, naibu wake Ruto, akaondolewa na Seneti. Tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi mkataba wa kufanya kazi pamoja. Na 15 Oktoba 2025 Raila akafariki, na waliokuwa wakimpinga miaka yote wakamlilia.

Simlaumu mtu kwa kupatana na mwenzake. Kupatana ni kuzuri! Ninauliza tu swali la mhasibu: wao walishafunga hesabu zao kitambo, wakafungua mpya. Mbona wewe bado unalipa riba ya deni la 2007, na unamlipisha dada yako?

Sielewi mtu anayeweza kumsamehe mwanasiasa kila anapobadilisha chama, lakini hawezi kumsamehe ndugu yake kwa ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp la familia.

2. Kuwa mdhamini

Sasa mtazame Yuda tena. Yule aliyeuliza faida ndiye, katika sura ya 43 mstari wa 9, anayemwambia baba yake kwamba atakuwa mdhamini wa Benyamini. Asiporudi naye, lawama iwe juu yake milele. Na katika sura ya 44, kikombe kinapopatikana ndani ya gunia la Benyamini, Yuda hakimbii. Anajitoa abaki mtumwa Misri ili mdogo wake arudi kwa baba.

Wenye sacco mnaelewa mdhamini ni nani. Mdhamini hasemi tu "pole" na "tutaomba". Anatia sahihi. Mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini inakatwa. Yuda alitoka kwenye kumuuza ndugu akafika kwenye kumdhamini ndugu. Huo ndio wokovu ukionekana katika familia.

Kwetu, ndugu na dada wako katika sacco moja. Tangu uchaguzi wa 2022 dada hakuwahi kumwomba kaka yake sahihi. Afadhali aombe watu wa nje. Januari hii mtoto wake alikuwa anaingia Gredi ya 10, na alipungukiwa mdhamini mmoja. Ndugu yangu alisikia, akapanda matatu kutoka Kericho, akatia sahihi, akanywa chai, akarudi. Msimamo wao haujabadilika. Yeye bado ni Tutam, dada bado ni Wantam. Lakini siku hizi wakibishana, wanabishana kama watu waliowekeana sahihi.

Kwa hivyo jiulize: yule ndugu unayemshinda kwa hoja kila Krismasi, je, uko tayari akiba yako ikatwe kwa ajili yake?

3. Sikia kabla ya kujibu

Mwanzo 37:4 inasema ndugu zake Yusufu walifika mahali ambapo hata neno la amani halikuwatoka walipoongea naye. Undugu ulikufa kwanza mdomoni, shimo likafuata. Sasa nenda 45:15. Yusufu anawakumbatia, analia nao, na ndipo mazungumzo yanaanza. Piga hesabu: alikuwa na miaka 17 alipouzwa, miaka 30 aliposimama mbele ya Farao, kisha miaka saba ya shibe na miwili ya njaa. Ni kama miaka 22 kabla ya ndugu kuzungumza vizuri.

Na angalia sura ya 43. Wanakula na kunywa pamoja Misri, wanachangamka, lakini Yusufu bado yuko meza yake peke yake, na wao hawajui ni nani. Unaweza kunywa na ndugu yako na bado usimjue. Mithali 18:13 inaita kujibu kabla ya kusikia upumbavu na aibu. Si kutokuwa na habari. Aibu!

Tunaelekea uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Watakuja na magari yenye vipaza sauti, watakuja na fulana na mia mbili mbili, na wataondoka. Wewe utabaki na jirani wa ploti na ndugu zako. Kabla mwaka huo haujafika, fanya jambo moja. Mtafute yule ndugu mnayetofautiana naye. Usimpelekee video. Muulize ameumia wapi, kisha unyamaze mpaka amalize.

Meza ya Bwana

Luka 6:15 inataja majina mawili katika mstari mmoja: Mathayo na Simoni aliyeitwa Zelote. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, kazi ambayo Wayahudi wenzake waliichukia. Simoni alijulikana kwa jina la watu wenye bidii kali kwa taifa lao. Ukiwaacha wawili hao mezani na chai, hawafiki kikombe cha pili! Yesu hakumwita mmoja akamwacha mwingine. Aliwaketisha wote wawili, na usiku ule wa mwisho akawapa kikombe kimoja.

Sisi tuliuzwa na dhambi zetu wenyewe, na Yeye hakuuliza faida. Waebrania 7:22 inamwita mdhamini wa agano lililo bora. Alitia sahihi kwa damu yake, na deni letu likakatwa kwake.

Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana. Kama kuna ndugu, wa tumbo moja au wa kanisa hili, ambaye siasa imemtupa shimoni, una siku saba. Piga simu kabla ya kushika kikombe.

Tuombe: Baba, tufungue masikio. Tuonyeshe nani analia karibu na meza zetu. Ponya waliolala kwenye hema na waliolala na viatu. Linda Kaptembwo, linda Nakuru, linda Kenya. Katika jina la Yesu, Amina.

*Maswali ya ushirika wa nyumbani*

1. Katika familia yako, ni mwaka gani hauzungumzwi? Nani angefaa kuulizwa kwanza?
2. Soma Mwanzo 44:18–34. Ni nini kilimbadilisha Yuda kutoka mtu wa faida kuwa mdhamini?
3. Tutakubaliana vipi kama ushirika kuhusu ujumbe wa siasa kwenye kundi letu mpaka Agosti 2027?