Nyumba ya Zamani, Rangi Mpya

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, na nyumba nyingi za zamani zingali zimesimama. Mwenye nyumba akipata fedha, hubadili mabati, hupaka rangi, huongeza chumba cha duka. Kisha huenda kutafuta bima, au asiransi kama tusemavyo kwetu.

Karani amwuliza: Nyumba ilijengwa lini? Nyaya za umeme zilibadilishwa? Kuna biashara ndani? Hapo ulimi huwa mzito. Wengine hujibu, "Ni mpya." Wengine hunyamaza, wakidhani kunyamaza si uongo.

Sisi twasema ni uongo. Ajuaye kwamba nyaya kuukuu zimefichwa nyuma ya lipu mpya, akamwacha mwenziwe aamini vingine, amemdanganya bila kufumbua kinywa.

Mtasema: kampuni ni tajiri, itaumia nini? Lakini bima ni kapu la wengi. Kila mtu hutia kwa kadiri ya hatari yake, na anayepatwa na moto husaidiwa humo. Afichaye hatari hutia kidogo, na pengo lake hujazwa na majirani.

Tena hatari haiondoki kwa kufichwa. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkaaji mmoja alikuta madini ya kobalti alipochimba kiwanjani kwake. Majirani nao wakachimba, hata chini ya vyumba vyao. Nyumba ya namna hiyo yaweza kupakwa rangi ikapendeza, lakini rangi haizuii ardhi kuporomoka.

Tangu sheria ya mwaka 2015, SONAS si kampuni pekee ya bima nchini Kongo; mtu aweza kuchagua. Walakini hakuna kampuni inayomwondolea wajibu wa kusema kweli. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1930, ambayo nchi nyingi za Afrika zimeifuata, ilipambanua watu wawili. Aliyeficha kwa makusudi, mkataba wake ni bure. Aliyekosea bila hila hupunguziwa: akiwa alilipa nusu ya ada iliyompasa, hupata nusu ya fidia. Twaona hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuwa inapima moyo kabla ya kupima hasara.

Basi, asiyejua umri wa nyumba yake na aseme, "Sijui." Amwite fundi wa umeme atazame. Akiongeza chumba baadaye, apeleke habari. Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio cha nyumba ni moto.